Samaki ni ya Mungu, lakini etan iko na mwenyewe

Hapa Bukavu karibu kila mutu anayekuja kutuuliza maneno ya samaki anaanzaka na "samaki si ni ya Mungu?" Wiki iliyopita mama mumoja wa Kabare alifika kwa biro yetu na ndoo tupu, akaiweka juu ya meza sawa shahidi, anasema usiku vijana walifungua njia ya maji ya etan yake (kidimbwi cha kufuga samaki), maji ikatoka yote, asubuhi anakuta matope na vitilapia vidogo vinarukaruka, zile kubwa zimeenda. Vijana anawajua. Kuwauliza, wakamujibu ni hiyo hiyo: ya Mungu.

Hapana. Etan uliichimba weye, ukatia watoto ya samaki, ukazilisha pumba, basi ile samaki ni mali yako sawa kuku ya ku lupango. Kodi ya penali (kitabu cha sheria ya makosa), artikle 79, inasema mwenye kuchukua kwa hila kitu kisicho chake ni mwizi, na artikle 80 inafika mpaka miaka 5 ya gereza, haijali kama kitu kilikuwa ndani ya maji. Tulimwambia arudi mbio apige picha mbele maji haijajaa tena, alete majirani walioona, kisha aende kwa opeji (polisi mwenye kuchunguza makosa), maana etan ikishajaa nani ataamini?

Ziwa ni maneno ingine. Kivu ni ya Leta (serikali), hata kama parseli yako ya Nguba inashuka mpaka kwenye maji, na samaki ya mule haina mwenyewe mpaka ishikwe. Njo pale watu wanapotea. Kukosa mwenyewe haiko kusema vua vile unataka: kuvua ya kuuzisha inaomba permi, na dawa ya sumu (ata ile majani ya utupa ya wazee), dinamiti na mustikere (chandarua ya mbu), zote ni makosa. Mustikere njo inaniumiza zaidi. Sambaza, ile samaki ndogo, haikuwaka Kivu, waliitoa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, na inaishi maji ya juu tu sababu kuanzia mita 60 hivi kushuka oksijeni hakuna, sasa watoto yake wanakomalia pembeni, palepale mama na watoto wanakokota mustikere. Bakuli moja ya vile vitoto vya sambaza ingekuwa bakuli ngapi kisha miezi kidogo?

Wenye ekipi, zile mitumbwi tatu za kufunga na miti, nao waangalie upepo usiwasukume upande wa Rwanda, usiku mpaka haionekane lakini taa zenu zinaonekana, na ukifika kule ni sheria ya kule.

Na maneno ya taksi (ushuru) ku beach, kila mwenye kulipisha na karatasi yake. Ukilipa omba kitansi (risiti). Akisema kitansi imeisha, mwambie na franga imeisha.