Wagonjwa Waliosubiri: Upasuaji Wakati wa Korona Pwani ya Kenya

Anayeukumbuka mwaka 2020 hukumbuka kwanza wagonjwa wa korona waliohangaika kuvuta pumzi, na ni haki yao kukumbukwa hivyo. Mimi ni daktari mpasuaji katika hospitali ya umma pwani ya Kenya, na wagonjwa ninaowafikiria zaidi ni wale ambao hawakuambukizwa kabisa, lakini janga hilo liliwadhuru kwa kuwafungia mlango wa chumba cha upasuaji. Naona ni wajibu wetu madaktari kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, kwa kuwa uamuzi wa kuahirisha ulikuwa wetu, na tuliufanya kwa sababu zenye uzito.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, siku mbili baada ya Shirika la Afya Duniani kutamka kwamba ugonjwa huo umekuwa janga la dunia nzima. Muda si mrefu tukaahirisha karibu kila upasuaji uliokuwa umepangwa, kuanzia ngiri na mawe ya nyongo hadi rovu, tukabakiza dharura, akina mama wa kujifungua na wagonjwa wa saratani ambao uvimbe wao usingengoja. Vitanda, barakoa na wauguzi vilihitajika kwingine. Isitoshe, mwezi Mei jarida la Lancet lilichapisha taarifa za wagonjwa 1,128 kutoka nchi 24, waliofanyiwa upasuaji huku wakiwa na virusi hivyo au walioambukizwa muda mfupi baadaye, na asilimia 23.8 kati yao walifariki ndani ya siku 30. Sijui mpasuaji ambaye angesoma takwimu hiyo kisha akaendelea kupanga ngiri kama kawaida.

Hatari kwa wahudumu nayo ilikuwa mahali ambapo wengi nje ya taaluma hii hawapadhanii. Mgonjwa anapopewa nusukaputi, daktari wa nusukaputi humwinamia, akafungua kinywa chake na kupitisha mpira wa kupumulia hadi kwenye koromeo, uso wake ukiwa karibu kabisa na pumzi ya mgonjwa. Zamani chumba kilikuwa na watu wengi katika dakika hizo: wauguzi wakipanga vyombo, wanafunzi wakitazama, nami nikinawa mikono. Baada ya Machi akabaki daktari huyo na msaidizi mmoja, wamevaa barakoa za N95, miwani na ngao za uso, na sisi wengine tukangoja nje mpaka hewa ya chumba ibadilike. Mfumo wenyewe wa hewa ulikuwa tatizo, kwani vyumba vingi vya upasuaji hujengwa ili hewa isukumwe kutoka ndani kwenda nje, vijidudu vya ushorobani visifike kwenye kidonda. Mgonjwa akiwa na virusi mapafuni, mpango huo huo humpelekea hewa yake aliyeko nje. Ndiyo maana, kila ilipowezekana, tulimchoma mgonjwa sindano ya ganzi ya uti wa mgongo, tukafanya kazi naye akiwa macho, amevaa barakoa yake.

Joto la pwani chini ya mavazi hayo sitalieleza kwa kirefu. Lililonisumbua zaidi lilikuwa sauti. Maneno yanayopita katika barakoa mbili na ngao ya plastiki hufika nusu, na katika kazi yetu chombo kilichosikika vibaya kinaweza kumgharimu mtu. Tukakubaliana kwamba kila agizo lirudiwe kwa sauti na anayelipokea, na hesabu ya vitambaa ifanywe mara mbili kabla ya kufunga tumbo. Desturi hiyo tumebaki nayo, nami nafurahi kwamba tumebaki nayo.

Sasa turudi kwa waliosubiri. Ngiri ya kinena ni tundu katika ukuta wa tumbo ambalo utumbo hupita ukatokeza chini ya ngozi. Mara nyingi mgonjwa akilala hurudi wenyewe, na kwa hiyo huonekana ni ugonjwa wa kungojeka. Siku utumbo unapokwama kwenye tundu, mishipa yake ya damu hubanwa na saa huanza kuhesabika. Nilimpokea fundi wa mashua ambaye utumbo wake ulikwama jioni, kafyu ikiwa imekwisha kuingia. Kafyu iliyoanza tarehe 27 Machi ilikuwa ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na ingawa kwa mujibu wa sheria mgonjwa aliruhusiwa kupita, hakuna mwenye bodaboda aliyethubutu kumbeba. Tena alikuwa na hofu ya hospitali yenyewe, kwani miezi ile watu walijua kwamba anayeshukiwa anaweza kupelekwa karantini na kudaiwa gharama yake. Alifika asubuhi, akaniambia, "Daktari, tarehe yangu ilikuwa Aprili." Alisema kweli, jina lake lilikuwa katika orodha tuliyoiahirisha.

Tulipofungua, kipande cha utumbo kilikuwa cheusi. Katika hali hiyo hatukimbilii kukata. Tuliufunika utumbo kwa vitambaa vilivyolowekwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, tukangoja tuone kama rangi itarejea na kama utacheza ukiguswa. Pembezoni wekundu ulirudi, katikati haukurudi. Tukaondoa sehemu iliyokufa na kuunganisha ncha mbili zilizo hai. Alipona, lakini kazi ambayo mwezi Aprili ingechukua muda usiofika saa moja, akalala nyumbani kesho yake, ilimweka wodini muda mrefu na kumwacha bila nguvu za kushika randa.

Upungufu wa damu ulituumiza kuliko upungufu wa barakoa, na haukuzungumzwa vya kutosha. Wachangiaji wakubwa wa damu nchini Kenya ni wanafunzi wa shule za sekondari, na ufadhili wa Marekani kwa huduma ya kukusanya damu ulikuwa tayari umekoma mwaka 2019. Shule zilipofungwa katikati ya Machi, chanzo hicho kilikauka, na ni Januari 2021 tu ndipo wanafunzi wote waliporudi madarasani. Mgonjwa wa saratani tuliyekubaliana kwamba hawezi kungoja alingoja hata hivyo, kwa sababu huwezi kumfungua mtu tumbo kwa upasuaji mkubwa bila damu ya akiba. Ndugu walihimizwa kuja kuchangia, huku ndugu hao hao wakizuiwa na kafyu na kufungwa kwa mipaka ya kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi.

Mwezi Julai tulimpoteza Dkt. Doreen Lugaliki, daktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi, aliyefariki kwa korona, na hapo kila mmoja wetu akaelewa kwamba vifaa vya kujikinga si suala la kubembelezana na mwajiri. Madaktari waligoma Desemba, na vifaa hivyo vilikuwa miongoni mwa madai yao. Shehena ya kwanza ya chanjo, dozi zaidi ya milioni moja, iliwasili tarehe 3 Machi 2021, wahudumu wa afya tukatangulia kuchanjwa, na orodha ikaanza kupungua.

Kama ningepewa tena orodha ile ya Aprili, ningependa tuipange kwa swali moja: kusubiri kutamfanya nini mgonjwa huyu? Ngiri inayorudi kwa urahisi na ngiri iliyowahi kukwama hazistahili safu moja, hata kama jina la upasuaji ni lile lile. Mpango huo unawezekana kwa karatasi na kalamu. Damu haiwezekani hivyo. Mpaka leo nikipanga upasuaji mkubwa hutazama kalenda ya shule kabla ya kumpa mgonjwa tarehe, kwa kuwa mwezi Agosti, wanafunzi wakiwa likizo, jokofu la damu huwa na mifuko michache. Ningependa watu wazima waliomaliza shule zamani waje kuijaza nafasi hiyo, angalau mara mbili kwa mwaka, bila kungoja ndugu yao awe ndiye aliyelazwa.