Je, wajua kwa nini mahakama ya juu kabisa nchini hufunga safari hadi Mbeya?

Uliza pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, mahakama ya juu kabisa ya Tanzania ni ipi, na usishangae ukijibiwa "Mahakama Kuu". Jina ndilo linalopotosha watu. Juu ya Mahakama Kuu, ya Bara na ya Zanzibar, ipo Mahakama ya Rufani. Hiyo ikishaamua, hakuna pengine pa kukata rufaa.

Majaji wake hawakai Mbeya wala Iringa, lakini huja. Majalada yakishakuwa tayari, hupangwa kikao: majaji husafiri hadi kanda, hukaa wiki kadhaa, husikiliza rufaa moja baada ya nyingine, kisha huondoka. Desturi hii ni ya zamani kuliko mahakama yenyewe. Enzi za Waingereza, rufaa za Tanganyika zilikwenda kwenye Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao Nairobi na majaji waliozunguka hadi Kampala na Dar es Salaam. Juu yake lilikuwepo baraza la ufalme kule London, na mlango huo Tanganyika iliufunga mwaka 1962. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mahakama ya pamoja ikafa nayo. Mwaka 1979 Tanzania ikaunda ya kwake, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali.

Sasa fikiria mama wa Tukuyu mwenye shauri la mirathi. Kutoka Mbeya mjini tu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, mlima mkali wa Kitonga ukiwa njiani. Nauli, malazi, wakili, na pengine shauri liahirishwe arudi mikono mitupu! Majaji watatu kupanda kuja Nyanda za Juu ni gharama, lakini ni haki kuliko mamia ya wananchi kuteremka kuwafuata. Wafungwa nao, wengi wao wakijitetea wenyewe bila wakili, huletwa kutoka magereza ya huku huku, kama lile la Ruanda jijini Mbeya.

Kwa nini watatu? Katiba inataka rufaa isikilizwe na majaji wasiopungua watatu, na uamuzi ufuate maoni ya walio wengi. Kwa hiyo hawawezi kugawanyika nusu kwa nusu. Jaji mmoja anaweza kushughulikia maombi madogo, si kuamua rufaa.

Anayehudhuria kwa mara ya kwanza hushangaa kutoona mashahidi wakiitwa. Kwa kawaida ushahidi huishia mahakama za chini. Hapa majaji husoma kumbukumbu za shauri na kubishana na mawakili juu ya hoja za rufaa. Yule mama wa Tukuyu, kama shauri lake lilianzia Mahakama ya Mwanzo, ana kizingiti kingine: ni lazima kwanza Mahakama Kuu ithibitishe kuwa kuna hoja ya kisheria inayostahili kufika huko. Kabla ya hapo kuna taarifa ya rufaa, ambayo huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi kutolewa. Inaniuma kwamba mtu anaweza kuikosa nafasi hiyo kwa kutojua tu hesabu ya siku.

Lugha nayo ilikuwa ukuta, kwa kuwa hukumu za juu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama.

Mikoa hii nayo imeiachia mahakama hiyo alama. Katika rufaa ya kampuni ya Mbeya-Rukwa Autoparts, iliyomo kwenye ripoti za sheria za mwaka 2003, majaji walisema kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa si kanuni ya kurithi kutoka kwa Waingereza tu, bali ni haki ya kikatiba chini ya ibara ya 13(6)(a). Hadi leo, anayelalamika kwamba aliamuliwa bila kusikilizwa, awe Mwanza au Mtwara, wakili wake huinukuu hukumu hiyo yenye jina la Mbeya.