Mausi imelala: tunayoyakosea kuhusu njia za mkato za kibodi

Mimi hushinda steshenari, nachapa barua za watu na kupanga ripoti za wanafunzi ambao siku zote wanakabidhi kesho asubuhi. Mteja akisimama nyuma ya kiti changu, akaona kazi inakwenda na mausi imelala, husema: “Kumbe umesomea IT.” Sijasomea.

Dhana hiyo ndiyo inayowafungia wengi nje, kwamba njia za mkato, yaani kubonyeza vitufe badala ya kubofya kwa mausi, ni mambo ya mafundi. Kunakili na kubandika kulitokana na kazi ya Larry Tesler na Tim Mott kwenye maabara ya Xerox PARC, California, miaka ya 1970. Walikuwa wanatengeneza programu ya kuandikia, Gypsy, na waliokusudiwa ni wahariri wa vitabu vya shule, watu wa mkasi na gundi. Herufi Z (kutengua), X (kukata), C (kunakili) na V (kubandika) zilishika kazi hizo baadaye, kwenye kompyuta ya Apple Lisa ya 1983. Wala usihangaike kutafuta V ni kifupi cha neno gani. Ni jirani tu wa C.

Wengine wanaamini lazima ukariri njia za mkato mia. Wanaprinti orodha, wanaibandika ukutani, kisha wanaendelea kubofya. Kwangu mimi sita zinatosha, ili mradi ziwe za kazi unayoirudia kutwa. Juzi mwekahazina wa kamati ya harusi alikuja na laptopu yake, michango ya watu zaidi ya 300 kwenye Excel, programu ya majedwali. Anaburuta mausi kutoka juu, skrini inakimbia, anapitiliza hadi mstari wa 900, anarudi, kidole kinateleza, anaanza upya. Nikamwambia asimame kwenye namba ya kwanza, ashike vitufe vya Ctrl na Shift, abonyeze mshale wa chini. Uteuzi ukashuka mara moja, ukagota juu ya seli tupu: mjomba aliyeahidi laki mbili na bado hajatoa. Tukabonyeza tena na tena, tukiruka wadaiwa, hadi mwisho. Kisha Alt na alama ya =, jumla ikajiandika chini. Njia nyingine akizihitaji, abonyeze Alt peke yake; herufi zinajitokeza juu ya menyu zenyewe, anazifuata kwa macho.

Kuna hofu ya kugusa kitufe kibaya na kazi yote kupotea. Ukibonyeza Ctrl na A kisha herufi yoyote, ukurasa unabaki na herufi hiyo moja tu, na nimeona watu wanashika kichwa. Ctrl na Z inarudisha yote, alimradi hujafunga faili. Cha kuogopa kweli ni Shift na Delete unapofuta faili, maana halipiti kwenye pipa la taka, na hapo Z haikusaidii.

Vilevile si kweli tena kwamba kompyuta inakumbuka kitu cha mwisho tu ulichokopi. Tangu 2018, Windows 10 ina kumbukumbu inayofunguka kwa kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na V. Mara ya kwanza itakuomba uiwashe, na inatunza hadi vitu 25. Lakini kwenye kompyuta ya watu wengi kama yetu, nywila uliyokopi inaweza kukaa humo ikimsubiri mteja anayefuata. Ifute kabla hujainuka.

Na kibodi si haraka kwa kila kitu. Kukata picha ya pasipoti nachukua mausi, bila aibu.

La mwisho linawahusu wenye laptopu za mtumba kutoka Ufaransa au Ubelgiji, na ndugu zetu wa Burundi na Kongo wanaozijua tangu zamani. Watu hudhani kompyuta inafuata herufi iliyochorwa kwenye kitufe. Inafuata mpangilio uliowekwa ndani ya Windows. Yangu ni ya Kifaransa kwa nje na Kiingereza kwa ndani, na Q ya Kifaransa imekaa pale penye A ya Kiingereza, hivyo kuchagua ukurasa mzima nabonyeza Ctrl na kitufe kilichochorwa Q. Kutengua kosa ni W. Kijana wa zamu ya jioni aliapa mashine ni mbovu.