Thamomita ikisoma 104 usiitupe, angalia herufi kwanza

Kazi yangu ni kuhakiki vipimo, na kuna swali wazazi wananiuliza kila mara: mbona hii thamomita niliyoletewa na ndugu yangu kutoka Marekani imeandika 101, si maji yanachemka kwenye 100? Basi wengi wanaona ni mbovu, wanaitupia kabatini, na mtoto yuko pale anaungua. Jamani, mashine ni nzima kabisa. Inasoma kwa Farenhaiti, sisi tumezoea Selsiasi, angalia pembeni ya namba utaona F au C, kaherufi kadogo sana ila ndiyo kila kitu.

Kwenye Selsiasi maji yanaganda kwenye 0 na kuchemka kwenye 100. Farenhaiti yanaganda kwenye 32 na kuchemka kwenye 212, maana yake safari ile ile wao wameikata vipande 180, sisi 100. Ndo maana unatoa 32 kwanza, halafu unazidisha kwa 5, unagawa kwa 9. Ukianza kuzidisha kabla ya kutoa umeshapotea. Mfano 104: toa 32 inabaki 72, mara 5 ni 360, gawa kwa 9 unapata 40. Hiyo ni homa kali.

Sasa kuna njia ya mkato inazunguka mitandaoni, eti toa 30 halafu gawa kwa 2. Kwa hali ya hewa sawa, mtu akikwambia Houston leo ni 86 utapata 28 wakati ukweli ni 30, hakuna atakayeumia. Lakini ichukue hiyo hiyo kwa mtoto mwenye 104: toa 30, inabaki 74, nusu yake 37. Umeona? Mtoto ana nyuzi 40 na wewe hesabu inakwambia yuko poa, unamfunika unarudi kulala. Hiki kitu kinanikosesha amani kweli, tafadhali kwa homa usiitumie kabisa.

Kama hesabu zinakusumbua usiku andika hizi ubandike ukutani: 97.7 ni 36.5, 99.5 ni 37.5, 100.4 ni 38, 102.2 ni 39. Ukipima kwapani, kuanzia 37.5 tunahesabu ni homa, na kichanga wa chini ya miezi 2 akifika hapo mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, usisubiri kukuche. Akishuka chini ya 35.5, yaani 95.9 kwa Farenhaiti, naye mpeleke, baridi kwa kichanga ni hatari vilevile na watu wengi hawalijui hili.

Halafu thamomita nyingi za digitali zina namna ya kuhamisha kutoka F kwenda C, mara nyingi ni kubonyeza kitufe na kukishikilia kidogo, kile kikaratasi cha kwenye boksi kinaelekeza. Fanya hivyo leo mchana mtoto akiwa mzima.