Tembo hakumwona, changarawe aliziona

Wiki hii nimeambiwa tena, na safari hii ni mzazi wa tatu ndani ya mwezi mmoja: "Mwalimu, tumempeleka bustani ya wanyama, tumelipa viingilio, tumepanga foleni juani, naye kajikalia getini anachezea changarawe. Tembo hata hakumtazama. Huyu bado hajajua kutembezwa."

Nafundisha watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 3, na hilo la "hajajua kutembezwa" siwezi tena kulinyamazia. Mtoto anabebeshwa kosa la aliyepanga safari.

Mwaka 2012 mwanasaikolojia Karen Adolph na wenzake wa New York University walichapisha hesabu ya watoto wa miezi 12 hadi 19 wakiwa wanacheza tu, bila kuelekezwa. Kwa saa moja walipiga wastani wa hatua 2,368 na kuanguka mara 17. Utafiti wao wa baadaye ukaonyesha kwamba nyingi ya safari hizo fupi hazikuishia kwenye kitu chochote. Mtoto anainuka, anakwenda, anasimama katikati ya chumba, anageuka. Hakuna alichokuwa anakifuata, alikuwa anatembea. Sasa mtu wa namna hiyo wewe unamwambia "twende kwa tembo", halafu unashangaa hafiki?

Chuchumaa kwanza hadi macho yako yawe usawa wa yake. Van Leer Foundation (zamani Bernard van Leer Foundation), shirika la Uholanzi linalojali watoto wadogo, wana mpango uitwao Urban95, na hiyo 95 ni sentimita, kimo cha mtoto wa miaka 3 mwenye afya. Wa miaka 2 ni mfupi zaidi. Kwa kimo hicho, kwenye uzio wenye watu, anaona magoti, mikoba na vyuma. Tembo aliye mbali, asiyenusika wala kugusika, kwake hana tofauti kubwa na picha ya ukutani. Changarawe zina uzito, zina baridi, zinalia zikidondoka, na ukizitupa tena zinalia tena. Mtoto anayerudia jambo lilelile mara thelathini anahakikisha kama dunia itamjibu vilevile. Hiyo ni kazi, na anaifanya kwa makini kuliko wengi wetu tulivyo kazini. Anayemnyanyua kwapani katikati ya kazi hiyo asilalamike akililiwa.

Nami hukosea. Kuna siku nimemwacha mtoto na mawe yake dakika arobaini nikidhani amezama mchezoni, kumbe kelele za watu zimemtisha na pale chini ndipo alipojificha. Kwa mbali hali hizo mbili zinafanana sana. Siku hizi natazama mabega: yakiwa yamepanda na mtoto haniangalii kabisa, tunaondoka.

Kigari cha kumsukumia mtoto nitakitaja haraka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka mtoto wa umri huu asifungwe kwenye kigari au kiti zaidi ya saa moja mfululizo, na apate angalau dakika 180 za kujongea kwa siku. Piga hesabu ya siku yako ya matembezi: basi, foleni, kigari, basi. Ukiongeza usingizi wa mchana uliorukwa, kilio cha jioni kimeshaeleweka.

Kuna na wale wa "kwa nini nimtoe, hatakumbuka." Mwanasaikolojia Carolyn Rovee-Collier alionyesha kwamba watoto wa miezi 18 walikumbuka namna ya kuendesha treni ya kuchezea hata baada ya wiki 13 hivi. Ukubwani kumbukumbu za umri huo hupotea, ni kweli. Siwezi kukuthibitishia kwamba kidimbwi fulani cha maji ya mvua kilimjenga mtoto wako. Ila hata chakula alichokula jana hatakikumbuka, na hujaacha kumlisha.

Jiji kubwa limejaa vya bure: lifti yenye vitufe, ngazi tatu za jengo la ofisi, katapila linalochimba nyuma ya uzio, mifereji, njiwa. Aldo van Eyck, msanifu majengo wa Uholanzi, alilielewa hili mapema. Kuanzia 1947 alibuni viwanja vya michezo zaidi ya 700 mjini Amsterdam, vingi katika vipande vya ardhi vilivyobaki wazi kati ya nyumba: shimo la mchanga, vyuma vya kupanda, mawe ya kurukia. Mtaa mmoja wa namna hiyo, saa moja kabla ya usingizi, unatosha. Ongozana naye kwa nyuma, ila karibu na barabara mshike mkono bila mjadala. Na weka muda wa kurudi uwe mara mbili ya wa kwenda, maana kila alichokiona atataka kukikagua tena.

Yule mzazi nimemwomba arudi Jumamosi, asikate tiketi, aishie palepale getini.