Kuthamini uhuru wa mtu binafsi si kukataza michango ya msiba

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu ya Mbeya na Iringa: eti falsafa inayomweka mtu binafsi mbele inafundisha kila mtu ale chake, asichangie msiba wala kujiunga na ushirika. Sivyo.

Falsafa hiyo inasema kila mtu ana thamani yake, asitumiwe kama chombo cha wengine, na aamue kwa akili yake. Kusaidiana kunabaki, kinachokataliwa ni kulazimishwa. Mkulima wa kahawa wa Mbozi anayeingia ushirika kwa hiari hajaivunja. Katika sanaa, ndiyo inayompa mchoraji ruhusa ya kuchora anavyoona yeye, hata mtaa ukiguna.

Ukitaka kuhakiki, fungua Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 20 inampa mtu uhuru wa kujiunga na wenzake, na papo hapo inakataza kumlazimisha. Ibara ya 25 hadi 28 zinataja wajibu wake. Vyote vimo katika sura moja.

Mkanganyiko una sababu. Tangu Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza siasa ya Ujamaa, wengi tulizoea kuona mtu na jamii kama mahasimu, na wapo wanafalsafa wachache waliousifu uchoyo waziwazi (hao, kwa maoni yangu, wamewaharibia wenzao jina).

Ukiupokea tena ujumbe huo, usiusambaze. Mwombe aliyeutuma akuonyeshe ni maandishi gani yanayokataza kuchangia msiba.