Afisa wa Kemikali Jeshini ni Nani?

Katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, afisa wa kemikali ni afisa mwenye kamisheni anayewakinga askari dhidi ya hatari za kemikali, vijidudu vya magonjwa, mionzi na nyuklia. Mionzi na nyuklia hutajwa kila moja peke yake kwa sababu vumbi lenye mionzi linaweza kutapakaa bila bomu lolote la nyuklia kulipuka.

Jina la cheo hicho huwapotosha wengi. Idara yake ilianzishwa tarehe 28 Juni 1918, miaka mitatu baada ya Wajerumani kufungulia gesi ya klorini huko Ypres, Ubelgiji, na wakati huo ilihusika na kushambulia kwa gesi sawasawa na kujikinga nayo. Leo upande wa kushambulia haupo tena, kwani Marekani imefungwa na mkataba wa kupiga marufuku silaha za kemikali, ulioanza kutumika mwaka 1997, na ilimaliza kuteketeza akiba yake Julai 2023.

Mafunzo hufanyika Fort Leonard Wood, katika jimbo la Missouri, ambako wanafunzi huingia katika jengo maalumu na kushika sumu halisi za mishipa ya fahamu wakiwa wamevaa mavazi ya kinga. Akihitimu, luteni huweza kuongoza platuni ya upelelezi au ya kusafisha watu na magari yaliyoingiwa na sumu. Akiwa kapteni, huweza kukabidhiwa kombania. Wengi, hata hivyo, hupelekwa makao makuu ya batalioni za askari wa miguu au vifaru, ambako afisa huyu huwa peke yake katika fani yake, na wakati wa amani hubebeshwa kazi nyingine nyingi za ofisi.

Ugumu wa kazi yenyewe uko katika kupima ni kinga kiasi gani inafaa. Vazi la kinga lina tabaka la kaboni linalonasa sumu, lakini huzuia pia joto la mwili kutoka, na askari aliyevaa vazi, buti, kinyago na glavu kwa pamoja huchoka upesi, huona kwa shida na husikika kwa tabu. Kumvisha kila mtu kila kitu kwa kuogopa gesi ambayo huenda isije ni kumdhoofisha kabla adui hajamgusa. Kwa hiyo jeshi limepanga viwango vya uvaaji, kuanzia kile ambacho vifaa huwekwa karibu tu hadi kile cha nne ambacho mwili wote hufunikwa. Afisa wa kemikali husoma upepo, joto na taarifa za adui, kisha humshauri kamanda kiwango kinachofaa. Uamuzi hubaki kwa kamanda.

Kuvua ni kugumu zaidi kuliko kuvaa. Hata vipimo vikionyesha kwamba hewa ni safi, askari mmoja au wawili hutangulia kuvua vinyago kwa dakika chache, huvivaa tena, kisha huangaliwa kama wanaonyesha dalili, huku wenzao wote wakingoja wakiwa wamevaa vyao.